Chai Niliyoirefusha

Maji ya Brussels yana chokaa, na hilo ndilo jambo la kwanza mtakalogombana nalo. Ukiyachemsha na kuyamimina moja kwa moja kwenye majani ya chai, juu panatanda utando wa kijivu, na Mwingereza akiuona utando ule anakutazama kana kwamba umemtemea mate kikombeni. Chujeni maji kwanza. Pasheni buli kwa maji mengine ya moto, yamwageni, ndipo mtie majani. Msinung'unike kwamba ni kazi mara mbili. Nimefanya hivyo miaka ishirini na tisa katika ukumbi wa chai wa hoteli moja upande wa juu wa mji huu, na kama kuna kitu nilichokifanya sawasawa maishani mwangu, ni hicho cha maji.

Mmeniomba, nyinyi vijana mnaoanza kazi za mahotelini, niwaandikie yale ambayo hamfundishwi chuoni. Mzee Bakari, mkasema, wewe una vituko vingi, tuandikie vya kuchekesha. Ni kweli ninavyo. Nimeanza kuviandika mara nne, na mara zote nne nimejikuta naishia kwenye meza moja, alasiri moja, nikachana karatasi. Hii ni mara ya tano. Sasa nimechoka kuchana, kwa hiyo mtaisoma kama ilivyo.

Kwanza mjue mtawahudumia nani. Wabelgiji ni watu wa kahawa; chai ya Kiingereza ya alasiri hawana habari nayo. Wanaoinywa hapa ni watu walio safarini, na karibu wote huja wawili wawili. Mke na mume walioshuka kwenye treni ya London na tayari wamekumbuka kwao. Wazee wa Kijerumani. Wajapani walio kwenye fungate. Jumamosi utapata mabalozi na wake zao kutoka Uccle, mtaa wa matajiri, wale hawako safarini lakini wanajifanya. Unawapelekea sahani tatu zilizopandana kwenye kinara chake: chini sandwichi za tango zilizokatwa ukoko, katikati skonzi na krimu na jamu, juu keki ndogo ndogo. Huliwa kutoka chini kwenda juu. Mbelgiji ataanza na keki ya chokoleti ya juu, mwacheni, msimfundishe mtu mzima kula.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mama wa Kiingereza, Bi Dorothy, mfupi, mkali, mwenye miguu iliyovimba kila jioni. Nilikuja kwake nikijiona najua chai. Nimezaliwa Usambara, mama yangu alichuma chai kwenye shamba la watu maisha yake yote. Bi Dorothy akaniuliza chai ya kwetu inakuwaje. Nikamwambia tunaichemsha kwenye sufuria na maziwa, sukari, na tangawizi iliyopondwa. Alifumba macho kidogo. Kisha akasema, "Bakari, hiyo ni supu. Sasa njoo nikufundishe chai."

Alinifundisha kutazama makoti. Wawili wenye amani wakiketi wanavua makoti yao; waliogombana hukaa nayo, hata ukumbi ukiwa na joto. Hao usiwape mabuli mawili madogo, kila mtu na lake. Wape buli moja kubwa, ili mmoja alazimike kummiminia mwenzake. Nimeona ndoa zikipumua kwa sababu ya buli moja. Na alinifundisha kurefusha chai na kuifupisha, ambao ndio ujuzi mkubwa kuliko yote katika kazi yetu, na hakuna mtu anayewaambia kwamba upo.

Kufupisha ni rahisi. Unaleta kila kitu kwa pamoja, unajaza vikombe kabla havijaisha, unaondoa kila sahani inapokuwa tupu. Mgeni mwenyewe anaona aibu, anaomba koti. Kurefusha kunataka akili. Unaleta sandwichi peke yake. Unasema skonzi ndiyo kwanza zinatoka kwenye oveni, hata kama zimetoka zamani. Ukiona buli linakaribia kuisha unalichukua kabla hawajakuita, unaandaa jipya polepole, unasema majani haya yanataka dakika sita. Ukikwama kabisa unawauliza walikutana wapi. Hakuna mke na mume wasiotaka kusimulia hilo, na hakuna wanaolisimulia kwa namna moja, wanasahihishana, nusu saa inapita. Sisi tulirefusha kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha, au kwa sababu wazee wale treni yao ilikuwa ya jioni na hawakuwa na pa kwenda. Sasa hivi nasikia mnawapa wageni dakika tisini, na kile kibao cha kielektroniki kinapiga kengele. Skonzi zinakuja zimegandishwa ndani ya maboksi. Wageni wanazipiga picha, wanaziacha. Zamani ningewaambia mmeharibu kazi. Siku hizi naona labda kengele ile ni bora kuliko mimi.

Miaka sita iliyopita, mwezi wa tano, ilipigwa simu ukumbini kutoka Lubumbashi. Alikuwa msichana, sauti ya furaha, anaongea Kiswahili cha kwao Katanga. Jina lake Clarisse.

"Allô, papa? Napenda kuweka table ya batu babili. Ni ya baba na maman, banafikisha trente ans ya mariage. Sisi batoto tulibalipia safari, bakuye kwa tonton wetu ku Ganshoren. Donc miye nilisema, lazima bakunywe ile chai ya Baingereza. Maman anaionaka mu télé, bisahani bitatu juu ya bingine, anasema haiko ya kweli. Papa, umuonyeshe."

Miaka thelathini ya ndoa si mchezo; nikamwambia nitamwonyesha. Nikamuuliza yeye mwenyewe hatakuja?

"Miye niko na mimba, papa. Docteur anakataza kupanda ndege. Nitazala bakisha kurudia."

Tuliongea muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Hupati Kiswahili kila siku kwenye simu ya hoteli. Akaniuliza mama yake avae nini. Nikamwambia avae anachopenda, akasema basi atavaa kitenge kipya na kilemba, na mpige picha, papa, mupige picha mingi. Nikaandika meza ya dirishani.

Walikuja Alhamisi moja ya mwezi wa sita, saa nane na nusu mchana. Baba, jina lake Léon, alikuwa fundi wa mitambo aliyestaafu, mtu wa maneno machache, amevaa suti iliyopigwa pasi mpaka mstari wa suruali unakata. Mama, jina lake Julienne, aliingia akiwa amenyoosha shingo ili kilemba kisiguse taa. Alikuja moja kwa moja kwangu.

"Ni weye papa Bakari? Clarisse alisema tutafute weye." Kisha akaona kinara cha sahani tatu kwenye meza ya jirani, akashika mdomo. "Eh, Léon! Angalia! Biko bya kweli!"

Walivua makoti. Niliwapa buli moja kubwa kwa heshima tu, wale hawakuhitaji. Mzee ndiye aliyemimina, na Maman Julienne akanikonyeza, akasema ku nyumba hajawahi hata kujua sukari inakaa wapi. Simu zao zilikuwa hazifanyi kazi nje ya nyumba ya tonton, yule mjomba anayeishi Ganshoren, pembeni mwa mji huu, kwa hiyo niliwapiga picha kwa simu yangu, nikawaahidi nitazituma.

Saa tisa kasoro kumi simu ya ukumbini ikalia. Kijana wa kiume, anahema.

"Papa, niko bwana ya Clarisse. Clarisse alinipatia hii numéro. Papa, Clarisse iko mubaya. Maumivu ilikuya mbele ya wakati, damu haisimame. Naomba unipatie maman ku téléphone."

Hapa ndipo, vijana wangu. Chombo cha simu kilikuwa hakina waya. Meza ya dirishani ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka niliposimama. Nimezihesabu baadaye, si siku ile. Ningetembea hatua kumi na mbili.

Lakini mimi nimelelewa kwetu, na kwetu habari mbaya haipelekwi hivyo. Nanyi mnajua. Mtu hapewi habari mbaya kwenye simu, hapewi akiwa ugenini katikati ya watu, hapewi akiwa na njaa. Anatafutwa mtu mzima wa familia, anakwenda, anamchukua mtu wake nyumbani, anaketi naye. Na kinachosemwa kwenye simu siku zote kiko nyuma ya kilichokwisha kutokea. Baba yangu alipofariki, kaka zangu walinipigia wakasema amelazwa. Nikapanda ndege. Nilipofika Dar es Salaam walinipeleka kwa binamu yetu, wakaniandalia pilau, nikala sahani mbili, nikasifu, nikaomba na kachumbari. Nilipokwisha kunawa mikono ndipo wakaniambia kwamba baba tumeshamzika juzi. Niliwashukuru. Miaka yote nimeamini kwamba ule ulikuwa upendo.

Kwa hiyo niliposikia Clarisse yuko vibaya, nilijua, yaani nilijiona najua, kwamba ameshafariki na kijana anaficha kama inavyofaa kuficha. Nikaona kosa lake ni moja tu, kwamba anataka kumpa mama wa watu msiba ule akiwa na kikombe mkononi mbele ya Wazungu.

Nikamwambia, "Mwanangu, mama yako anakula. Waache wale kwanza. Nipe namba ya tonton wenu wa Ganshoren."

"Bon. Nitakupatia. Mais papa..."

"Wale kwanza, mwanangu. Hili ni jambo la wazee."

Kisha akasema, "Ni sawa, papa." Akanipa namba.

Alikuwa anaongea na mtu mzima. Angeniambia nini?

Nikampigia tonton. Anaitwa Séraphin, ni kaka yake Maman Julienne, anaishi Ganshoren miaka mingi. Nilimweleza, na nikamwambia nadhani mtoto hayupo tena. Alilia kidogo. Kisha akasema, "Ndjo vile, papa. Ku téléphone habasemake yote. Usibaambie kintu. Bakule kwanza. Nakuya na gari, ubashikilie pale."

Basi nikawashikilia. Sijawahi kufanya kazi vizuri kama nilivyofanya siku ile, na kama nalia nikiandika haya msishangae, maana hilo ndilo linaloniuma. Skonzi zao zilikuwa tayari. Nikazirudisha jikoni nikasema zimekaza kidogo, kuna nyingine zinakuja. Nikachukua buli lao. Nikawaletea majani mengine wayaonje, ya Darjeeling, nikawaeleza ya wapi na yanachumwa lini. Nikawauliza walikutana wapi. Likasi, kwenye kwaya. Mzee akasema alikuwa anaimba sauti ya chini, mama akasema hapana, weye ulikuwa unafungua kinywa tu. Maman Julienne akaomba kikaratasi afunge skonzi moja.

"Hii nitabebea Clarisse, aone. Jioni tukifika kwa Séraphin nitamupigia, nimuelezee yote."

Nikamletea kikaratasi. Nilikifunga mwenyewe.

Tonton hakuwa amefika. Njia ya magari ya chini ya ardhi ilikuwa imefungwa kwa matengenezo, magari yamesimama, alinitumia ujumbe. Nikaona Maman Julienne anaanza kutafuta koti lake kwa macho. Ndipo nikawasimulia kisa changu cha skonzi tisa.

Hiki ndicho mlichokuwa mnakitaka, vituko. Mwezi wangu wa kwanza kazini nilimhudumia Mwingereza mmoja mnene na mkewe. Nikamuuliza, skonzi nyingine? Akasema hapana asante. Kwetu mgeni husema hapana, unampakulia. Anasema hapana, unampakulia. Mara ya tatu ndipo unaanza kumsadiki. Nikampakulia. Yule bwana, naye kwa adabu ya kwao, hawezi kuacha alichowekewa, akala. Nikaona amekula, nikajua alikuwa anaona haya, nikaongeza. Alifika skonzi tisa. Ya tisa aliila huku jasho linamtiririka na mkewe amemshika mkono. Bi Dorothy alitoka jikoni akamwona amekuwa mwekundu, akaniuliza umemfanya nini mtu huyu. Nikamjibu kwa fahari, nimemkaribisha.

Maman Julienne alicheka mpaka kilemba kikalegea. Alimpiga mumewe begani. Mzee Léon, yule asiyesema, alicheka bila sauti, mabega yanaruka. "Wacha, papa," mama akasema, "wacha, tumbo inaniuma!" Watu wa meza nyingine wakageuka wakatabasamu. Juu ya mlango kuna saa kubwa. Niliitazama ili nijue tonton amebakiza muda gani. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika ishirini.

Séraphin aliingia saa kumi na nusu. Hakuvua koti. Alisimama mbele ya meza yao akasema, "Julienne, tuende ku nyumba."

Alimtazama kaka yake. "Nani?"

"Tuende kwanza."

"Séraphin. Nani?"

Mzee Léon ndiye aliyesema. "Ni Clarisse," akasema, hata hakuuliza.

Maman Julienne hakupiga kelele. Alikiweka kikombe kwenye kisahani chake, taratibu, kisilie. Akauliza, "Munajua tangu saa ngapi?" Séraphin akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama na buli la tatu mkononi.

"Papa Bakari. Ulijua?"

"Nilipata simu kabla ya saa tisa, Maman."

Alinitazama mara moja tu. Kisha akainuka, na mumewe akamvalisha koti.

Jioni ile nilikwenda Ganshoren kwenye msiba. Sebule ilikuwa imejaa watu wa Likasi na wa Lubumbashi, viti vimeazimwa kwa majirani. Tulikuwa tunaimbiwa pambio mkwe alipopiga tena simu, na Séraphin akaiweka kwa sauti ili wazee wote wasikie namna msiba ulivyotokea. Kijana akaeleza. Akasema mtoto amepona, ni wa kike. Akasema Clarisse alikuwa macho muda wote. Alikuwa anaongea.

"Aliniuliza mara mbili: maman iko ku téléphone? Nikamuambia, maman iko nakula kwanza, kisha ataongea. Akasema, ah bon, iko ku ile chai? Akafurahi. Akasema basi bamuache akule. Mara ya pili aliuliza, sauti ilikuwa kidogo. Saa kumi kasoro dakika ishirini akaenda."

Hakuna aliyenitazama. Hilo nalo lilikuwa heshima.

Na sasa sikilizeni jambo ambalo limenikatisha tamaa na watu wetu, na mimi nikiwa wa kwanza wao. Walinisifu. Wote. Wiki iliyofuata nilikuwa Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Waafrika, nanunua unga, mzee mmoja mwenye duka akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia, "Papa, ulifanya muzuri. Ulimuacha mama akule." Watanzania wenzangu wakasema Bakari ana utu. Imamu wetu, nilipomweleza, akasema nia ndiyo inayohesabiwa. Hakuna hata mmoja aliyeniambia, Bakari, ulimnyima mtoto anayekufa sauti ya mama yake kwa karibu saa nzima, na simu ilikuwa mkononi mwako. Ningemshukuru aliyesema hivyo. Najua nia yangu ilikuwa njema. Msinirudishie nia yangu, imenitosha.

Bi Dorothy, Mungu amrehemu, angeipeleka. Angeiweka simu juu ya trei ya fedha na kitambaa cheupe, angetembea hatua kumi na mbili, angesema, simu yako, mama. Nilikuwa nikimwona hana moyo. Kama mnataka neno la kazi kutoka kwangu ni hilo tu: simu ya mgeni ni ya mgeni. Iwe ya heri, iwe ya shari, awe amekula, awe hajala. Mpeni. Hamjui kilicho upande wa pili.

Baada ya siku arobaini Maman Julienne alinipigia kutoka Lubumbashi. Nilidhani ananilaani, na nilikuwa tayari.

"Papa Bakari, nauliza kintu moja. Bananiambia mutoto alikufa saa kumi kasoro vingt. Ile saa, miye nilikuwa nafanya nini?"

Alikuwa ananiuliza kwa sababu nilikuwa mhudumu, na mhudumu anajua kila meza inafanya nini saa ngapi. Ni kweli. Nilijua.

Nikamwambia, "Ulinyamaza, Maman. Uliweka mkono kifuani, ukatazama dirishani. Ukasema, Clarisse."

Alilia sana, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Nilijua," akasema. "Nilijua roho yangu ilisikia. Aksanti, papa. Aksanti mingi." Nikakata simu nikiwa nimejipongeza. Mnaona? Siku arobaini tu, na nilikuwa nimerudia kitu kile kile. Nimempakulia tena asichokiomba.

Akawa anapiga kila mwaka, mwezi wa sita. Anauliza lile lile, nami namjibu, na kila mwaka anataka kidogo zaidi. Mkono gani? Wa kushoto, Maman. Nilisema kwa nguvu? Hapana, polepole, nimesikia mimi tu. Akaniambia amelisimulia kanisani, padri akalitumia kwenye mahubiri, watu wakalia. Nilimsikiliza nikiwa nimeketi jikoni kwangu na magoti yangu mabovu, mtu mzima, naongeza vipande kwenye uongo.

Mwaka huu alipiga mapema. Sauti yake ilikuwa nyingine.

"Papa, mujukuu anafikisha six ans. Ameanza kuuliza. Jana aliniuliza: mama yangu akikufa, weye ulikuwa wapi? Nataka kumuambia vile roho yangu ilisikia. Mais huyu mutoto iko na akili, atauliza kama ni kweli. Donc miye nataka weye unisemee mbele ya Mungu, mara moja, kisha sitakusumbua tena. Sema: naapa mbele ya Mungu, mama ya Clarisse alisikia."

Uongo mdogo nimesema maisha yangu yote, kazi yetu inaishi kwa huo. Skonzi zinatoka sasa hivi, mama, unapendeza leo. Lakini kuapa kwa jina la Mungu juu ya kitu ambacho hakikuwa, na kikapewe mtoto yatima akue nacho, ulimi ulikataa. Nilijaribu.

"Maman," nikasema, "nisamehe. Hukusema Clarisse. Hukuweka mkono kifuani. Saa ile mimi nilikuwa nawasimulia kisa, na wewe ulikuwa unacheka."

Nikasikia watoto wanacheza huko nyuma, upande wake.

"Nacheka?"

"Ndiyo, Maman."

"Sana?"

"Sana."

Nikasikia anawaambia watoto watoke nje.

"Na Léon?"

"Naye alicheka."

"Donc hakuna yenye nilisikia," akasema. "Mutoto wangu alikuwa anakufa, ananiita, na mu roho yangu hakukuwa kintu."

Nikamwambia, Maman, ni mimi niliyekufanya ucheke, ni kosa langu, si lako. Nikamwambia mambo mengi. Nilikuwa naongea mwenyewe, alikuwa ameshakata.

Mpaka leo sijui kama nimemtendea haki au nimemuua mara ya pili. Kumficha kulikuwa kosa, kumdanganya kulikuwa kosa, na kumwambia kweli kumemwacha bila kitu cha kumpa mtoto yule. Ningekuwa na neno la kuwafariji ningeliandika hapa. Nampigia kila Jumapili. Simu inaita, inaita, mpaka inakatika yenyewe.